Habari za Maisha ya Dakta Johann Ludwig Krapf na Taabu Zake

Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake mmelisikia, maana hutajwa kila zinaposimuliwa habari za mwanzo wa Injili katika nchi zetu. Lakini tumeona ya kuwa wengi walijua jina tu, wala hawajui gharama aliyotoa.

Kwanza tuwaambie sababu ya kuichagua habari hii. Mtakumbuka mwezi wa Mei mwaka 2024, kimbunga kiitwacho Hidaya kilipoikaribia pwani yetu. Maji yalikata barabara pale Somanga, na watu wa Kilwa na Lindi wakakaa siku kadhaa bila njia ya kwenda Dar es Salaam. Baada ya mvua ile tulikuwa tukiwazuru Wakristo katika milima ya Kipatimu, nasi tukafika kwa mama mmoja aliyekuwa amemzika mtoto wake. Mama yule akatuuliza ni kosa gani alilolitenda hata Mungu akamtenda hivyo. Mwalimu mmoja kijana tuliyefuatana naye akamjibu upesi ya kuwa Mungu humrudi yule ampendaye. Mama akanyamaza. Jumapili iliyofuata hakuja ibadani, wala ya pili yake. Nasi twakiri, ndugu, ya kuwa hatukumlaumu mwalimu wetu kwa haki, maana sisi tulikuwapo, tukasikia neno lile, tukanyamaza kwa sababu hatukuwa na jibu jema zaidi. Tangu siku hiyo tumelitafuta jibu, na katika kulitafuta tumerudi kuyasoma maisha ya Dakta Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg kule Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Wazazi wake walikuwa watu wa Kanisa letu la Kilutheri, nao hawakuwa na mali nyingi. Kijana alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa lililofanywa na mwingine. Akaugua muda wa nusu mwaka. Angalieni jambo hili: taabu yake ya kwanza iliyo kubwa haikutoka katika dhambi yake, bali katika haraka ya mtu aliyehukumu kabla ya kuuliza. Lakini kitandani kijana yule alikuwa na Biblia, akaisoma sana, hasa habari za wazee wetu Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Alipopona akawa akiwasimulia wavunaji mashambani hadithi za Maandiko, nao wakapenda kumsikiliza.

Baadaye akapelekwa shule mjini Tübingen. Siku moja wanafunzi walisomewa habari za kazi ya kueneza Injili kati ya mataifa, naye akaguswa moyoni, akaenda kwa miguu mpaka Basel katika nchi ya Uswisi, palipokuwa na chuo cha misioni. Mwaka 1827 akapokewa chuoni. Walakini msidhani ya kuwa tangu hapo njia ilinyoka. Baada ya miaka miwili alishikwa na mashaka makuu, akaona hafai kwa kazi ile, akaondoka. Akasoma elimu ya dini katika chuo kikuu cha Tübingen, akawa mchungaji msaidizi, kisha akaiacha na kazi hiyo. Ndugu mmoja, Peter Fjellstedt, Msweden, ndiye aliyemtia moyo tena, na kwa msaada wake Krapf akaingia katika utumishi wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Kiingereza. Mwaka 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia.

Kule Uhabeshi alifukuzwa katika nchi ya Tigre mwaka 1838. Mwaka 1839 akaingia Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko karibu miaka mitatu. Hapo ndipo alipowajua Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo, akatamani sana kuwapelekea Neno. Mwaka 1842 alitoka Shoa ili kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, akamwoa mjini Alexandria katika nchi ya Misri. Lakini walipotaka kurudi, mlango wa Shoa ulikuwa umefungwa. Wakajaribu njia nyingine, na katika safari hiyo, jangwani, Rosine akajifungua kabla ya wakati wake mtoto wa kike. Wakambatiza jina la Eneba, maana yake chozi. Mtoto hakuishi. Wakamzika njiani, wakaendelea na safari.

Mlango wa kaskazini ulipofungwa, Krapf akawaza kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini, kwa pwani yetu. Mwezi wa Januari 1844 akafika Unguja pamoja na mkewe. Seyyid Said, aliyetawala wakati ule, akampokea vizuri, akampa barua kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wakakaa Mombasa. Krapf hakupoteza wakati. Mwezi wa Juni alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na mwanachuoni Mwislamu wa mji ule. Neno hili tulikumbuke sisi tukaao kati ya majirani Waislamu: kazi ya kwanza ya Maandiko katika lugha yetu iliguswa na mkono wa jirani wa namna hiyo, naye alisaidia kwa moyo mwema.

Ndipo ikaja Julai. Homa ilimshika Krapf, ikamshika na mkewe, naye mkewe alikuwa karibu kujifungua. Mtoto wa kike akazaliwa. Baada ya siku chache Rosine akafa, na mumewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kutoweza kusimama vema. Kisha mtoto naye akamfuata mama yake. Wakazikwa ng'ambo, upande wa bara, mahali panapoikabili Mombasa. Krapf akabaki peke yake, mgonjwa, katika mji wa ugeni, hana ndugu wa imani hata mmoja wa kumwombea kando ya kaburi.

Hapo ndipo alipowaandikia wakuu wake kule London barua ambayo imejulikana sana. Hatutaiandika hapa, ila tutaeleza maana yake. Aliwaarifu ya kuwa sasa liko kaburi la mmisioni katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kaburi hilo liwe kwao alama ya kwamba vita vimekwisha kuanza upande huu wa dunia. Kwa hiyo wajue ya kuwa saa ya kuleta wengine imekaribia, maana Kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake likisonga mbele.

Ndugu, tuifikiri barua hiyo kwa uangalifu, maana hapo ndipo wengi tunapokosea. Krapf hakusema ya kuwa kaburi lile lilikuwa jema. Hakusema ya kuwa hakulia. Wala hakuletewa maana hiyo na mtu mwingine aliyesimama mlangoni kwake na majibu tayari. Aliitoa mwenyewe, katika huzuni yake mwenyewe, mbele za Mungu wake. Kama mgeni angalikuja siku ile na kumwambia ya kuwa mkewe amekufa ili kazi isonge mbele, lingalikuwa neno la ukatili, ingawa maneno ni yale yale. Maana ya taabu ni kama chakula cha mgonjwa. Akikiomba mwenyewe humjenga, ukimlazimisha humchafua moyo.

Basi Krapf akaendelea. Alifasiri Agano Jipya pamoja na kitabu cha Mwanzo, na kuanza kuandika sarufi na kamusi. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, mtu wa Württemberg kama yeye. Mwezi wa Agosti mwaka ule wakapanda kilima cha Rabai kuanza kituo kati ya Wanyika, waitwao leo Mijikenda. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, na mwenye nguvu kidogo alikwenda kwa miguu, akisimama kila baada ya hatua chache. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza Rabai, bila kengele wala sherehe, na watu wawili wasioweza kusimama sawasawa.

Mnajua ya kuwa tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na ya kuwa tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona mlima Kenya kutoka Ukambani. Wenye elimu kule Ulaya waliwacheka, wakasema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Lakini kwa wenyewe, kudharauliwa huko kulikuwa jambo dogo kuliko lile la Rabai. Miaka ilipita, na watu wa kubatizwa hawakuonekana. Wa kwanza alikuwa Mringe, Mnyika mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa, akafa kweli. Kwa hesabu ya dunia, kazi ya miaka mingi ilikuwa imezaa maiti moja. Na wenzao waliotumwa kuwasaidia hawakudumu: Wagner alikufa mwaka 1849, Pfefferle mwaka 1851, wote wawili kitambo kidogo tu baada ya kuwasili.

Sasa tufike pwani yetu wenyewe. Mapema mwaka 1850 Krapf, pamoja na mwenzake Jakob Erhardt, alipanda chombo akaelekea kusini, akapita Tanga na Pangani, akafika Kilwa, kisha Lindi na Mikindani, mpaka Rasi Delgado. Pale Kilwa Krapf aliona jambo ambalo babu zetu walilijua kuliko yeye. Aliona ya kuwa bandari ile ilikuwa mlango wa biashara ya watumwa. Watu walitolewa bara, kutoka upande wa ziwa Nyasa, wakapitishwa katika nchi hizi tunazolima leo, wakauzwa pwani. Aliambiwa ya kuwa kila mwaka walipita Kilwa watumwa elfu kumi mpaka elfu kumi na mbili.

Hapa twaona tofauti iliyotufungua macho. Mbele ya kaburi la mkewe Krapf alitafuta maana. Mbele ya minyororo ya Kilwa hakuwatafutia wafungwa maana ya minyororo yao. Aliiita biashara ile uovu, akaandika aliyoyaona na kuyasikia, na watu wa Ulaya wakasoma. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, yeye akiwa angali hai. Basi ziko taabu ambazo mtu huzipokea kwa subira kama ugonjwa na msiba, na ziko taabu ambazo ni dhuluma ya mtu juu ya mtu. Mwenye kumfundisha aliyedhulumiwa ya kuwa dhuluma ni zawadi ya Mungu amekuwa rafiki wa mwenye kudhulumu, hata kama hakukusudia.

Wazee wa Umatumbi hawahitaji kufundishwa neno hili. Mwezi wa Julai 1905, pale Nandete, si mbali na Kipatimu, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima chini ya kiboko, na vita vya Maji Maji vikaanza. Miaka ishirini na minne tu ilikuwa imepita tangu kufa kwake Krapf, nao waliotawala hapa walikuwa watu wa taifa lake. Mashamba yalichomwa na ghala za chakula zikaharibiwa, ikaja njaa, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Hatuwezi kusimama mbele ya wajukuu wa watu wale na kusema ya kuwa Mungu alichoma ghala ili kuwafundisha. Twaweza kusema tu ya kuwa Mungu hakuwaacha waliolala njaa, maana Mwana wake mwenyewe alisulubiwa na wenye mamlaka nje ya mji.

Turudi kwa Krapf. Mwezi wa Agosti 1851 alikuwa safarini karibu na mto Tana pamoja na Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa rafiki yake. Wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, na watu wake wakatawanyika. Krapf akakimbia peke yake porini. Alitia maji katika mfuko wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Alikula majani, na hata baruti aliitafuna kwa njaa. Alipofika kijijini kwa jamaa za Kivoi walimshuku kuwa sababu ya kifo cha mkuu wao, ikambidi kutoroka usiku. Alirudi Rabai amekonda, na wengi walikuwa wamekwisha kusikia ya kuwa amekufa.

Tusimfanye malaika. Krapf alikuwa mtu wa haraka. Aliwaza mlolongo wa vituo vya misioni toka Mombasa mpaka pwani ya magharibi ya Afrika, hali kile kimoja cha Rabai hakijasimama. Rebmann na Erhardt walitaka kukaa mahali pamoja na kulima polepole, na mashauri yao hayakupatana na yake. Pengine aliwahukumu watu wa nchi upesi, kama wageni wengi wa zamani zake. Twayasema haya kwa kuwa mwalimu akimfikiri Krapf kuwa mtu asiyekosea, atakata tamaa siku atakapojiona mwenyewe anakosea.

Mwaka 1853 afya yake ilivunjika, akaiacha pwani yetu. Akajaribu tena Uhabeshi, akashindwa kwa ugonjwa, na mwaka 1855 akakaa Korntal katika nchi ya kwao. Mwaka 1862 alikuja tena kwa kitambo, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao Ribe. Rebmann alibaki Rabai miaka mingi, mpaka macho yake yakapofuka; akarudi Korntal mwaka 1875, akafa mwaka uliofuata. Krapf aliendelea na kazi ya lugha. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imepigwa chapa mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, lakini mwenyewe hakuiona, maana tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa chumbani mwake, amepiga magoti kando ya kitanda kama mtu aombaye. Akazikwa karibu na Rebmann.

Wahenga husema, baada ya dhiki faraja. Lakini je, faraja ya Krapf ilikuja lini? Waoromo aliowatamani hakuwafikia. Tafsiri yake ya Agano Jipya haikupigwa chapa yote, na Biblia tuisomayo leo ilitoka katika kazi ya wengine waliofuata, ingawa walipita katika njia aliyoifyeka. Ng'ambo ya Mombasa, karibu na kaburi la Rosine, mwaka 1875 kilikuwapo kijiji cha Freretown, walipokaa watumwa waliowekwa huru, nao wakajenga kanisa. Mwaka 1891 wamisioni wa Kilutheri walifika Mlalo katika Usambara, nchi ya Kimweri ambaye Krapf alimzuru mara mbili. Mwaka 1893 wengine walifika Kilimanjaro. Mwaka 1963 makanisa yetu yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Yote hayo yalikuja, lakini si yeye aliyeyavuna. Bwana wetu alisema habari za punje ya ngano iangukayo katika udongo (Yohana 12:24). Punje haioni suke.

Basi, walimu wapendwa, tumejifunza nini? Tumejifunza ya kuwa wanafunzi wa Yesu nao waliuliza habari za yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana alikataa swali lao, akamtazama mtu mwenyewe, akamponya (Yohana 9). Sisi hatuna uwezo wa kumfufua mtoto wa mtu. Lakini twaweza kukataa swali lile, na kumtazama mtu. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa naye chini kimya. Walianza kukosa walipofungua vinywa.

Nasi tulirudi kwa mama yule wa milimani, pamoja na mwalimu wetu kijana. Mwalimu akaomba radhi kwa neno lake, nasi tukaomba radhi kwa kimya chetu. Hatukuhubiri. Tulikaa naye hata jua likashuka, akatusimulia habari za mtoto, jinsi alivyopenda kuimba na jinsi alivyoogopa radi. Kisha mwenyewe akatuongoza kaburini, akatuomba tusali. Hakutuambia ya kuwa ameona maana, nasi hatukumwuliza. Alituomba tu jembe, akapalilia majani juu ya kaburi, nasi tukamsaidia.

Mungu aliyemhifadhi mtumishi wake Krapf katika homa, katika jangwa na katika upweke, na awahifadhi ninyi nyote katika kazi yenu, awape masikio ya kusikia kabla ya vinywa vya kusema. Amina.